Dawa ya Zamani kwa Ugonjwa Sugu wa Mapafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa na ndugu zao huyarudia kila wanaposikia kwamba dawa fulani ya moyo, ya kolesteroli au ya ugonjwa mwingine inajaribiwa kwa watu wenye mapafu yaliyochoka. Si lazima usome yote kwa mfuatano. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

### Mambo ya msingi

1. Huu "ugonjwa sugu wa mapafu" ni upi hasa?

Hapa tunauzungumzia zaidi ule ambao madaktari huuita COPD. Njia za hewa zimevimba na kuwa nyembamba, vifuko vidogo vya hewa vimeharibika, na hewa iliyoingia haitoki yote. Mgonjwa anakohoa, anatoa makohozi, anahema akipanda ngazi, na ugonjwa ukikomaa anahema hata akiinama kufunga viatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na linauweka nafasi ya nne kati ya vinavyoua zaidi duniani. Katika nchi tajiri chanzo kikuu ni sigara. Kwingineko moshi wa kupikia ndani ya nyumba na vumbi la kazini huchangia sehemu kubwa zaidi.

Si pumu, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Wala si kifua kikuu, japo makovu ya kifua kikuu yanaweza kuuandalia njia. Hauambukizi. Dawa za kuvuta zilizopo hufungua njia za hewa na kupunguza siku mbaya, lakini hazirudishi pafu lililokwisha kuharibika. Pengo hilo ndilo linalowafanya watafiti wachungulie kabati la dawa za magonjwa mengine.

Neno moja utalikuta sana hapa chini: *kuzidiwa*. Tunamaanisha zile siku ambazo kikohozi, makohozi na kuhema vinapanda ghafla kupita kawaida ya mgonjwa mwenyewe, hadi anahitaji vidonge vya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), antibayotiki au kitanda cha hospitali.

2. Kwa nini kuhangaika na dawa ya zamani badala ya kutengeneza mpya?

Kwa sababu sehemu ya safari imeshatembewa. Dawa mpya huanzia maabara, ikaenda kwa wanyama, kisha kwa kundi dogo la watu ili ijulikane inavumilika kwa kipimo gani, na mara nyingi hupita zaidi ya miaka 10 kabla haijamfikia mgonjwa. Dawa iliyotumika kwa miongo kadhaa ina hayo yote tayari: kipimo chake, madhara yake ya kawaida, dawa ambazo haipatani nazo, na kama hutolewa na figo au ini. Watafiti wanaweza kuanza moja kwa moja na wagonjwa.

Na kuna bei. Dawa ambayo hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, imekwisha hutengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo ikifaulu inaweza kumfikia hata asiyekuwa na bima. Hilo si dogo kwa ugonjwa unaoua zaidi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

3. Wazo la kujaribu dawa fulani hutoka wapi?

Mara nyingine hutoka kwenye bahati. Sildenafili ilikuwa inachunguzwa kwa maumivu ya kifua ya ugonjwa wa moyo. Wanaume walioijaribu wakaripoti jambo jingine kabisa, ikaidhinishwa kwa nguvu za kiume mwaka 1998, na mwaka 2005 ikaidhinishwa kwa shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu. Dawa moja, kazi tatu, na ile ya kwanza ndiyo iliyokataa.

Mara nyingine hutoka maabara. Teofilini imetumika kwa matatizo ya kupumua tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, kisha ikaachwa kwa sababu kiwango kinachofungua njia za hewa kiko karibu mno na kiwango kinachosababisha kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio, hata degedege. Baadaye wanasayansi wakaona kwamba kwa kiwango kidogo sana inaweza kuamsha kimeng'enya ambacho dawa za steroidi hukihitaji ili zifanye kazi. Wazo lilikuwa zuri sana. Yaliyolipata yako kwenye swali la 6.

Na mara nyingi zaidi hutoka kwenye mafaili. Mtu anapitia kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa, anaona waliokuwa wakimeza dawa ya kolesteroli walizidiwa mara chache, anajiuliza kuna nini pale. Kwa nini mafaili hayatoshi: swali la 7.

4. Kama imeidhinishwa na mamilioni wanaimeza, kwa nini ipimwe upya?

Idhini haitolewi kwa dawa peke yake. Hutolewa kwa dawa hiyo, kwa ugonjwa ule, kwa kipimo kile, kwa watu wa aina ile. Ukibadilisha kimoja, hesabu ya faida na madhara inaanza upya.

Chukua dawa za kutuliza moyo za kundi la beta-bloka. Moyoni zinafunga vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara za mwili, ili mapigo yapungue. Kwenye njia za hewa kuna vipokezi ndugu na hivyo, na dawa ya kuvuta inayomfungulia mgonjwa kifua inavitumia hivyo hivyo. Yaani mkono mmoja unafungua mlango na mwingine unausukuma ufungwe. Baadhi ya beta-bloka huchagua zaidi vipokezi vya moyo, lakini "zaidi" si "pekee".

Mfano wa pafu lililougua ghafla unaonyesha jambo lile lile. Mwaka 2020, ndani ya jaribio moja la Uingereza liitwalo RECOVERY, dawa mbili za zamani zilipimwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa. Deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Haidroksiklorokwini, iliyokuwa ikizungumzwa duniani kote, haikupunguza vifo.

### Zilizokwisha kujaribiwa

5. Ipo iliyofaulu?

Zipo, na kila moja imekuja na masharti.

Azithromaisini ni antibayotiki ya siku nyingi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililowagawa watu 1,142: nusu walimeza miligramu 250 kila siku kwa mwaka mzima, nusu dawa bandia, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani. Waliopewa azithromaisini walizidiwa wastani wa mara 1.48 kwa mwaka, wenzao mara 1.83. Ni faida ya kweli. Lakini kupungua kwa usikivu kulionekana kwa asilimia 25 ya waliokuwa kwenye dawa dhidi ya asilimia 20 ya wenzao, na kuna hofu ya kuzalisha vimelea sugu. Kwa hiyo huandikiwa mtu aliyechaguliwa: anazidiwa mara kwa mara licha ya dawa za kuvuta, hasa kama ameshaacha sigara, umeme wa moyo wake umepimwa, na makohozi yake yamechunguzwa yasije yakawa na bakteria jamii ya kifua kikuu ambao dawa moja peke yake ingewafanya sugu.

Ya pili ni dupilumabu, sindano iliyoidhinishwa kwanza mwaka 2017 kwa ugonjwa wa ngozi. Kwenye jaribio la BOREAS lililochapishwa mwaka 2023, watu 939 wenye COPD walifuatiliwa kwa wiki 52, na waliochomwa sindano hiyo walizidiwa kwa asilimia 30 pungufu. Sharti: wote walikuwa na chembe nyeupe aina ya eosinofili 300 au zaidi kwa kila mikrolita ya damu, na wote walikuwa tayari wanatumia dawa za kuvuta. Jaribio la pili likatoa jibu linalofanana, na mwaka 2024 ikaidhinishwa kwa COPD Ulaya na Marekani. Na hii haina ule unafuu wa bei uliotajwa kwenye swali la 2: ni dawa iliyopo, lakini si dawa ya bei rahisi.

6. Na zilizoshindwa?

Ni nyingi zaidi, na tunaona zinafaa kujulikana kwa majina, kwa sababu kila mwaka mtu huleta mojawapo akidhani ni habari mpya.

*Simvastatini*, dawa ya kolesteroli. Jaribio la STATCOPE la Marekani na Kanada, 2014, watu 885. Waliomeza dawa walizidiwa mara 1.36 kwa mwaka, waliomeza bandia mara 1.39. Lilisimamishwa kabla ya muda kwa kuwa hakukuwa na dalili ya faida ya kusubiri.

*Teofilini kwa kiwango kidogo*, ile ya wazo zuri. Jaribio la TWICS la Uingereza, 2018, watu zaidi ya 1,500 kwa mwaka mmoja: mara 2.24 kwa dawa, 2.23 kwa bandia. Ukizichora kwenye karatasi, mistari miwili inalaliana.

*Metoprololi*, ya moyo. Jaribio la BLOCK COPD la Marekani, 2019, watu 532. Hili lilisimamishwa mapema kwa sababu nzito zaidi: haikuchelewesha kuzidiwa, na waliokuwa kwenye dawa walizidiwa vibaya kiasi cha kulazwa kwa takriban mara mbili ya wenzao.

*Bisoprololi*, dada yake metoprololi. Jaribio la BICS la Uingereza, matokeo 2024. Lilikusudia zaidi ya watu 1,500, janga la UVIKO-19 likalikatisha na kubaki na watu 519. Kuzidiwa: mara 2.03 dhidi ya 2.01. Hapa angalau ile hatari iliyoonekana kwa metoprololi haikujirudia.

Usiifanye orodha hii kuwa sababu ya kuacha dawa yako ya moyo. Watu hawa walipewa dawa kwa ajili ya mapafu tu. Kwenye BLOCK COPD wenye sababu ya moyo ya kuitumia hawakuingizwa kabisa. Mwenye moyo dhaifu na COPD kwa pamoja bado anaweza kuihitaji beta-bloka inayochagua moyo, na kuikata ghafla ni hatari.

7. Inakuwaje mafaili yaseme inafaa, kisha jaribio likatae?

Swali hili lina uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kwanza, wanaomeza dawa fulani si sawa na wasioimeza hata kabla ya kidonge cha kwanza. Anayeandikiwa dawa ya kolesteroli ni mtu anayekwenda kliniki, anayepimwa damu, anayekumbushwa kuacha sigara, na pengine ana mtu nyumbani wa kumkumbusha. Faida unayoiona kwenye faili inaweza kuwa ya hayo yote. Kwa beta-bloka mambo yanageuka upande mwingine: madaktari kwa miaka mingi waliogopa kuwapa wenye mapafu mabovu kabisa, kwa hiyo waliopewa walikuwa wale wenye nafuu. Halafu tunashangaa kwamba waliishi zaidi.

Pili, kuna mtego wa muda. Tuseme unahesabu kuanzia siku mtu alipogundulika na ugonjwa, na dawa alianza kuimeza miaka miwili baadaye. Miaka hiyo miwili hakuweza kufa. Angekufa, asingeingia kwenye kundi la wanaomeza. Hesabu ikiipa dawa sifa za miaka hiyo, imedanganya, na imedanganya kwa namba zenye desimali.

Tatu, mwaka mbaya hufuatwa na mwaka wa afadhali. Majaribio haya huwatafuta watu waliozidiwa mara kadhaa mwaka uliopita, na watu huwa tayari kujiunga wakiwa wamechoka kuugua. Mwaka unaofuata wengi hupata nafuu kidogo hata wakipewa unga mtupu. Bila kundi la dawa bandia, nafuu hiyo ingeandikwa kwenye hesabu ya dawa.

Bahati nasibu ndiyo inayoyaondoa haya. Ukiwagawa watu kwa kura, wenye bidii na wazembe, wenye mapafu mabovu na wenye nafuu, wanaangukia pande zote mbili karibu sawa, na tofauti inayobaki ina mmoja tu wa kulaumiwa: dawa yenyewe.

8. Hawajajaribu dawa za kupunguza ile kuhema yenyewe?

Wamejaribu. Mofini kwa kiwango kidogo ilipimwa Australia kwenye jaribio la BEAMS lililochapishwa mwaka 2022, kwa wenye COPD na kuhema sana. Baada ya wiki moja kuhema hakukupungua zaidi ya kwa dawa bandia. Mirtazapini, dawa ya sonona, ilipimwa kwa watu 225 katika nchi saba. Matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha nafuu ya kuhema, na madhara yalikuwa mengi zaidi upande wa dawa. Huko nyuma madaktari kadhaa walikuwa wameanza kuiandika kwa matumaini tu.

Ajabu ni kwamba mofini hiyo hiyo, miligramu 5 mara mbili kwa siku, ilipunguza kikohozi cha wenye makovu ya mapafu kwa asilimia 39 kwenye jaribio dogo la 2024. Dalili tofauti, ugonjwa tofauti, jibu tofauti.

9. Ndugu yangu ana makovu ya mapafu, si COPD. Haya yanamhusu?

Kanuni zinamhusu, dawa hazimhusu. Kwa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, nintedanibu, ambayo ilianza kuundwa ikilengwa saratani, iliidhinishwa mwaka 2014 na inapunguza kasi ya ugonjwa.

Lakini kisa cha kukumbuka ni kingine. Kwa miaka mingi wagonjwa hao walipewa mchanganyiko wa prednisoloni au prednisoni, azathioprini na asetilisisteini, zote dawa za zamani, na mwongozo wa tiba uliukubali. Hatimaye ukapimwa dhidi ya dawa bandia. Mwaka 2011 kamati ya usalama ilifungua hesabu katikati ya jaribio: upande wa mchanganyiko walikuwa wamekufa watu 8, upande wa bandia 1, waliolazwa 23 dhidi ya 7. Upande huo wa jaribio ukafungwa. Kabla ya hapo daktari aliyeukataa mchanganyiko huo ndiye aliyeonekana hamjali mgonjwa.

### Kushiriki katika jaribio

10. Nani anakubaliwa?

Kwa kawaida mtu mzima, mara nyingi wa miaka 40 au zaidi, mwenye COPD iliyothibitishwa kwa kipimo cha kupuliza (swali la 13), aliyezidiwa angalau mara moja au mbili mwaka uliopita, na ambaye hana kinachoifanya dawa hiyo kuwa hatari kwake. Vizuizi hutegemea dawa: usikivu na umeme wa moyo kwa azithromaisini, mapigo ya moyo ya chini kwa beta-bloka, ini kwa statini (dawa za kolesteroli). Kukataliwa hakumaanishi umehukumiwa kuwa mgonjwa mno. Mara nyingi ni kinyume: hujazidiwa vya kutosha.

11. Nitaachishwa dawa zangu za sasa nipewe dawa bandia?

Hapana, na hofu hii ndiyo huwafukuza watu wengi mlangoni. Katika majaribio ya aina hii dawa inayopimwa huongezwa juu ya tiba yako ya kawaida. Pampu yako ya kuvuta dawa unabaki nayo. Anayeangukia upande wa dawa bandia anapata kila alichokuwa akipata, pamoja na kidonge kisicho na kitu na macho ya ziada ya wauguzi.

Kama karatasi ya ridhaa inasema utaachishwa dawa inayokusaidia sasa, uliza kwa nini, kwa muda gani, na nini kitafanyika ukianza kuzidiwa. Jibu lisipokuridhisha, usitie sahihi.

12. Nani anachagua nipate ipi? Naweza kumwomba muuguzi anipendelee?

Kompyuta inachagua, na muuguzi hawezi hata akitaka. Anaingiza namba yako, mfumo unamrudishia namba ya chupa, basi. Chupa zote zinafanana. Vidonge vina rangi, umbo na uzito ule ule. Yeye hajui, daktari hajui, wewe hujui. Kuna wanaovunja kidonge na kukionja ili wakisie. Huwa wanakosea, na hata wakipatia wanaanza kujisikia kufuatana na walichokisia, jambo ambalo ndilo siri yote ilikusudiwa kulizuia.

Siri hiyo inaweza kufunguliwa saa yoyote kwa dharura, ikiwa daktari anayekutibu lazima ajue ulichomeza.

13. Siku ya kliniki inakuwaje?

Unapimwa uzito, presha na oksijeni kidoleni. Unajaza fomu ya maswali manane kuhusu kikohozi, makohozi, usingizi, ngazi na mengineyo, kila swali alama 0 hadi 5. Jaza unavyojisikia, si unavyotaka daktari afurahi.

Halafu kupuliza. Klipu inabanwa puani, midomo inaziba mrija pande zote, unavuta pumzi mpaka kifua hakina nafasi, kisha unaitoa kwa kishindo. Muuguzi anakuhimiza: "Puliza, puliza, puliza, endelea, endelea, bado, bado..." na wewe unaona huna tena cha kutoa, na mstari kwenye skrini bado unapanda taratibu. Sekunde sita au zaidi. Unapumzika, unarudia mpaka zipatikane tatu zinazokubaliana. Wengine huona kizunguzungu, kaa, usisimame. Unavuta dawa ya kufungua kifua, mnasubiri kama dakika 15, mnaanza tena. Ikiwa hewa inayotoka sekunde ya kwanza, hata baada ya dawa, ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote uliyoitoa, njia zako zimeziba.

Mwisho vidonge vilivyobaki vinamwagwa kwenye sinia na kuhesabiwa. Hakuna anayekusudia kukuaibisha. Ila vikihesabiwa vimebaki 40 na wewe unasema hujaruka hata siku moja, mazungumzo yatachukua muda.

14. Nikisahau vidonge, nitaharibu utafiti?

Hautaharibika kwa kusahau. Unaharibika kwa kuficha. Usimeze viwili kufidia kimoja, na usivimwage chooni usiku wa kuamkia kliniki. Katika maisha ya kawaida watu husahau, na matokeo yanayowahesabu waliosahau yanaeleza vizuri zaidi dawa itafanya nini ikishaandikiwa watu.

15. Nikizidiwa nikiwa ndani ya jaribio nifanye nini?

Tafuta matibabu kama ambavyo ungefanya siku zote, kisha ndipo uwaarifu watafiti. Onyesha kadi ya jaribio kwa anayekutibu. Usisubiri miadi, na usikatae vidonge vya steroidi ukidhani "vitachanganya matokeo". Kuzidiwa kwako ndicho kinachohesabiwa.

16. Naweza kujitoa? Na nani anatulinda?

Unaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na tiba yako ya kawaida haiguswi. Ukiacha vidonge tu lakini ukakubali kuendelea kupigiwa simu, unawasaidia zaidi kuliko ukitoweka.

Kabla ya kuanza, kamati ya maadili isiyo ya watafiti lazima iwe imekubali mpango mzima. Jaribio likiendelea, kamati nyingine ya usalama huangalia namba huku watafiti wenyewe wakiwa gizani, na ina uwezo wa kulisimamisha. Si pambo: ndiyo njia iliyofungia mawili ya swali la 6 (simvastatini na metoprololi) na lile la 9.

### Maswali ya pembeni

17. Dawa inayojaribiwa ipo famasi. Kwa nini nisiinunue tu?

Rudi kwenye swali la 6 uhesabu. Kati ya dawa nne pale, hakuna iliyosaidia mapafu, na moja iliwapeleka watu wodini. Kila mojawapo ilikuwa famasi.

Kuna hatari nyingine pia isiyozungumzwa sana. Teofilini hupanda mwilini ukiimeza pamoja na antibayotiki fulani, kama siprofloksasini, na mgonjwa wa mapafu huandikiwa antibayotiki mara kwa mara. Kwenye jaribio kuna anayelitazama hilo. Nyumbani uko peke yako.

18. Tayari naimeza dawa hiyo kwa sababu nyingine. Naweza kushiriki?

Kwa kawaida hapana, kwa kuwa huwezi kupangiwa kura ya kuimeza au kutoimeza dawa unayoihitaji. Usiiache ili uingie. Tumewahi kuulizwa hili na mtu aliyekuwa ameshaacha.

19. Bado navuta sigara. Watanikataa?

Majaribio mengi huwapokea wavutaji, na huwa sahihi kuwapokea, maana dawa itakuja kutumiwa nao. Sema idadi ya kweli. Kwa azithromaisini, uchambuzi wa baadaye ulionyesha faida ndogo mno kwa waliokuwa bado wanavuta. Bila majibu ya kweli jambo hilo lisingeonekana. Utahimizwa kuacha, na mpaka leo hakuna kidonge kwenye ukurasa huu kinachoshindana na kuacha sigara.

20. Kama dawa ni rahisi hivyo, nani analipia jaribio?

Mara chache kampuni ya dawa. Hataza ikiisha, atakayetumia mamilioni kuthibitisha kazi mpya atakuwa anawauzia washindani wake. Ndiyo maana TWICS na BICS zililipiwa na fedha za umma za utafiti wa afya Uingereza, STATCOPE na taasisi za serikali za Marekani na Kanada, na BLOCK COPD na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Dupilumabu, ambayo bado ina wenye hataza, ilipimwa na kampuni zake.

Hili lina upande wake mbaya. Dawa ya bei nafuu yenye wazo zuri inaweza kukaa miaka bila mtu wa kuipima.

21. Jibu likiwa "haifai", si nimepoteza mwaka wangu?

Tunaelewa uchungu huo. Tumewaona watu wakipokea barua ya matokeo na kuikunja bila kuimaliza. Lakini fikiria wagonjwa wa swali la 9, waliomeza mchanganyiko ule kabla haujapimwa. Waliokuja baada yao hawaumezi tena, kwa sababu ya watu wasiofikia mia mbili waliokubali kura.

Uliza mapema kama utatumiwa matokeo na utaambiwa ulikuwa upande gani. Baadhi ya majaribio hayafanyi hivyo usipoomba.

22. Baba amefariki katikati ya jaribio. Kumbukumbu zake zinafanywaje, na tunaweza kujua alikuwa anameza nini?

Kifo cha mshiriki huripotiwa haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24 tangu watafiti walipojua, hata kama kinaonekana hakihusiani na dawa. Kumbukumbu zilizokusanywa kabla ya hapo hubaki ndani ya hesabu, kwa namba na si kwa jina; kuziondoa kungelifanya jaribio lionekane salama kuliko lilivyo.

Familia inaweza kuomba kuambiwa upande aliokuwapo. Mara nyingi hujibiwa jaribio likifungwa, na mapema zaidi ikiwa kuna shaka kwamba dawa ilihusika. Peleka ombi hilo kwa maandishi kwa mtafiti mkuu, jina lake liko kwenye nakala ya karatasi ya ridhaa aliyoacha nyumbani. Ukiona kimya, ukurasa huo huo una mawasiliano ya kamati ya maadili. Vidonge vilivyobaki virudishwe kliniki, asipewe mtu mwingine mwenye kikohozi.